Tairi Linapokwaruza: Kutafuta Chanzo na Kuchagua Saizi ya Matairi ya AT kwa Toyota Hilux

Mwenye pikapu anayefunga matairi mapya ya AT, yaani yale ya kashata nene yanayokusudiwa kutumika kwenye lami na kwenye barabara ya vumbi, mara nyingi hukutana na tatizo siku ileile anapogeuza gari uani: usukani ukikatwa hadi mwisho, husikika mkwaruzo kutoka gurudumu la mbele. Wengi huupuuza kwa sababu sauti ni ndogo na gari linakwenda polepole. Hata hivyo, tairi linalogusa plastiki gari likiwa tupu linaweza kugusa chuma siku gari litakapobeba mzigo na kushuka kwenye korongo, na ubavu wa tairi ukichanika hakuna fundi pancha anayeweza kuuziba kwa usalama. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba mkwaruzo utafutiwe chanzo chake mapema, kabla haujachakaza tairi la bei kubwa au kukata waya na mipira ya breki iliyopita karibu na gurudumu.

Mifano yote hapa inahusu Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza mwaka 2015, ambayo wengi huiita Revo, katika toleo la dabo kebini la 4x4 lenye matairi ya kiwandani ya 265/65R17 kwenye rimu ya upana wa inchi 7.5 na ofseti, kipimo nitakachokieleza mbele, ya milimita 30. Nimeichagua kwa kuwa imeenea katika ofisi za serikali, migodini, kwenye miradi ya ujenzi na mashambani, na kwa kuwa hesabu zake zinaweza kuhamishiwa kwenye pikapu nyingine kwa kubadilisha tarakimu tu. Msimamo wangu ni kwamba saizi ya tairi hulaumiwa kwa makosa mengi ambayo kwa kweli ni ya rimu au ya saspensheni iliyochoka. Kwa hiyo swali la kwanza ni tairi linagusa wapi, na swali la ukubwa wake huja baadaye.

Kusoma namba kabla ya kulaumu

Katika 265/65R17, namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172. Ukizidisha mara mbili kwa ajili ya ubavu wa juu na wa chini, kisha ukaongeza inchi 17 ambazo ni karibu milimita 432, unapata kipenyo cha tairi zima cha takriban milimita 776. Kwa hesabu hiyohiyo, 265/70R17 ina milimita 803, na 285/70R17 ina milimita 831. Matoleo yenye rimu za inchi 18 hutumia 265/60R18, ambayo ina milimita 775 na kwa hiyo haina tofauti ya maana na ile ya inchi 17.

Kinachoamua kama tairi litagusa ni nusu ya tofauti hizo, kwa sababu tairi hukua kutoka katikati ya ekseli kwenda pande zote. 265/70R17 husogea milimita 13 karibu zaidi na bampa kwa mbele, milimita 13 karibu na ukingo wa nyuma wa madigadi, na milimita 13 karibu na dari ya madigadi. Gari nalo hupanda kutoka ardhini kwa milimita hizohizo 13. Kwa 285/70R17 kila tarakimu huwa milimita 27, na juu ya hapo tairi hupanuka kwa milimita 20, yaani 10 kuelekea ndani na 10 kuelekea nje. Ukiyaona hayo kwenye karatasi, utaelewa kwa nini saizi ya kwanza kwa kawaida hukaa bila ugomvi na ya pili karibu kila mara hudai marekebisho.

Namba ya ubavuni, hata hivyo, haielezi kila kitu. Matairi mawili yenye saizi moja kutoka kwa watengenezaji tofauti yanaweza kupishana kwa milimita kadhaa, na kashata za bega, zile zinazotokeza pembeni ili zishike miamba na tope, ndizo hugusa kwanza. Vilevile tairi lilelile likifungwa kwenye rimu pana zaidi kwa nusu inchi hutanuka ubavuni kwa takriban milimita 5.

Kutafuta alama

Osha kwanza sehemu yote ya ndani ya madigadi hadi plastiki na chuma vionekane, kwani tope kavu huficha alama za zamani na pia hutoa sauti inayofanana sana na mkwaruzo wa tairi. Paka chaki mabega ya tairi, la ndani na la nje, kisha endesha polepole kwenye uwanja tambarare ukichora umbo la namba nane, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kwenda mbele na kurudi nyuma. Rivasi isiachwe, kwa maana bushi, yaani raba za viungo, za mikono ya chini ya saspensheni hunyumbuka kuelekea upande mwingine gari linaporudi nyuma, na tairi ambalo halikugusa likienda mbele linaweza kugusa likirudi. Baada ya hapo panda tuta au ukingo wa mtaro kwa gurudumu moja la mbele ili saspensheni ikunjike upande huo, huku mtu mwingine akisimama pembeni, mbali na njia ya gari, akitazama. Mwisho rudia jaribio gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Mahali chaki ilipoachwa ndipo jibu lilipo. Plastiki iliyong'arishwa, rangi iliyokwanguliwa au mstari mweusi wa mpira kwenye chuma ni ushahidi. Sauti peke yake si ushahidi, kwa kuwa husafiri kwenye bodi na kumdanganya dereva kuhusu upande inakotoka.

Likigusa nyuma ya gurudumu la mbele usukani ukikatwa

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote. Tairi hugusa raba ya tope au plastiki ya ndani ya madigadi upande wa mlango, na likiwa kubwa sana hufika kwenye kiungo cha chuma ambapo kebini imefungwa kwenye chasisi. Wengi huhitimisha mara moja kwamba tairi ni refu mno, nao huanza kukata plastiki, kisha chuma. Kabla ya kukata chochote, geuza rimu uisome nyuma.

Ofseti, inayoandikwa kwenye rimu kwa herufi ET ikifuatiwa na namba, ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani. Ikipungua, gurudumu hutoka nje. Mtu anayeondoa rimu ya kiwandani ya inchi 7.5 ET30 na kufunga ya inchi 8 ET0, kwa sababu anapenda gari lionekane limetanua miguu, husogeza ukingo wa nje kwa milimita 36: milimita 30 za ofseti na 6 za nusu ya upana ulioongezeka. Gurudumu la mbele linapogeuzwa huzunguka kwenye mhimili unaopita katika bolijointi ya juu na ya chini, na kadiri tairi linavyowekwa mbali na mhimili huo ndivyo bega lake linavyochora duara kubwa zaidi, likienda mbele kuelekea bampa na nyuma kuelekea kebini. Nina hakika kwamba magari mengi yanayokwaruza yakiwa na 265/70R17 yangenyamaza kabisa kama yangerudishiwa rimu zake za kiwandani.

Kwa hiyo utaratibu wa tiba uwe huu. Ikiwa rimu si ya kiwandani na ofseti yake iko chini ya takriban 20, rudisha rimu ya awali, hata kwa kuazima, ufanye jaribio la chaki upya. Ikiwa rimu ni ya kiwandani, legeza raba ya tope na uisogeze nyuma au uipunguze kwa kisu, halafu ipashe moto plastiki ya madigadi kwa kifaa cha hewa ya moto, usitumie moto wa wazi, na uisukume nyuma ifuate umbo la chuma kilicho nyuma yake. Pasipotosha, mwombe fundi wa alaimenti aongeze kasta, yaani mlalo wa ule mhimili wa kugeuzia gurudumu kuelekea nyuma, ndani ya kiwango kinachoruhusiwa na mtengenezaji. Kasta ikiongezwa kwa kusogeza mbele bolijointi ya chini kupitia boliti zenye kikaza cha mviringo, gurudumu zima husogea mbele milimita chache, mbali na kebini. Angalia tu kwamba hukuhamishia tatizo kwenye bampa, kwa sababu nafasi uliyoipata nyuma umeitoa mbele.

Kukata kile kiungo cha kebini ni jambo la mwisho kabisa. Kinabeba uzito wa kebini, na kikikatwa lazima kifungwe upya kwa bamba na kuchomelewa na mtu anayejua kazi hiyo. Kikiachwa wazi huingiza maji na tope, nacho huoza kutoka ndani. Kwa gari la kazi, ambalo litauzwa siku moja kwa mtu mwingine atakayelitegemea, sioni sababu ya kufika huko kwa ajili ya milimita 14 za ziada kati ya saizi mbili.

Likigusa upande wa ndani

Dalili yake ni mstari unaong'aa kwenye ubavu wa ndani wa tairi, nao huonekana ukilala chini ya gari usukani ukiwa umekatwa. Upande mwingine wa alama hiyo utakuwa kwenye mkono wa juu wa saspensheni, kwenye stabilaiza, au kwenye chasisi yenyewe. Hapa kosa ni kinyume cha lile la kwanza: tairi ni pana kuliko ofseti inavyoruhusu. 285 kwenye rimu ya kiwandani ya ET30 husogea milimita 10 kuelekea ndani, na nafasi iliyokuwepo karibu na mkono wa juu inaweza kuisha.

Tiba iliyo bora ni tairi jembamba zaidi. Tiba ya pili ni rimu yenye ofseti ya wastani. Kwa mfano, inchi 8 ET20 husogeza ukingo wa ndani mbali na mkono kwa karibu milimita 4 tu, ilhali ukingo wa nje unatoka kwa milimita 16. Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba nafasi ndogo ya ndani hununuliwa kwa gharama kubwa upande wa nje. Wengine huweka spesa kati ya rimu na habu. Spesa isiyokaa sawasawa kwenye mdomo wa habu huacha uzito wote ukibebwa na stadi, zile boliti za kufungia gurudumu, na katika barabara ya mashimo jambo hilo linaweza kuzikata. Kama ni lazima itumike, iwe ile inayofungwa kwa boliti zake yenyewe na iliyochongwa kulingana na kipenyo cha habu ya gari husika, na nati zake zikaguliwe mara kwa mara.

Acha angalau milimita 10 kati ya tairi na kitu chochote cha chuma upande wa ndani. Ubavu hulemaa pembeni gari linapokata kona kwa kasi, na zaidi ya hapo unapopunguza upepo ili upite kwenye mchanga.

Likigusa kwenye matuta tu, au gari likiwa na mzigo

Gari likinyamaza uwanjani lakini likagonga au kusugua linaporuka tuta, alama huwa juu, kwenye dari ya madigadi au ukingoni mwake. Kabla ya kutazama tairi, pima saspensheni. Egesha mahali tambarare na kwa futikamba upime kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kwa magurudumu yote manne. Upande wa kushoto na wa kulia ukipishana kwa zaidi ya sentimita moja, au vipimo vikiwa chini sana ya vile vya gari jingine la aina hiyo ambalo springi zake ni nzima, tatizo limeshajitambulisha: springi imechoka, au shokapu imevuja na inaachia gurudumu kupanda kwa kishindo. Tazama pia raba za kikomo, zile zinazozuia mkono wa chini kugonga chasisi. Zikiliwa au kudondoka, gurudumu hupanda hadi mahali ambapo mtengenezaji hakukusudia lifike, na hapo hata tairi la saizi ya kiwandani litagusa.

Hapa kuna imani inayowagharimu watu fedha nyingi, nayo ni kwamba kuinua gari kunamaliza mkwaruzo wa aina hii. Springi ndefu zaidi huinua gari likiwa limesimama, na hufanya lichelewe kufikia mwisho wa mkunjo wake. Lakini raba ya kikomo ikiwa palepale, gurudumu likisukumwa na shimo kubwa litapanda hadi palepale lilipopanda zamani, likiwa na tairi kubwa zaidi. Kuinua hupunguza idadi ya migongano. Hakuondoi mgongano wenyewe. Njia ya uhakika ni kutumia tairi linaloenea mahali hapo saspensheni ikiwa imekunjika kabisa, au kuweka raba ya kikomo ndefu zaidi na kukubali kwamba gurudumu litapoteza sehemu ya mwendo wake.

Kwa nyuma mambo ni mepesi. Nafasi ni kubwa, na kinachopaswa kukaguliwa ni umbali kati ya ubavu wa ndani na zile springi za vyuma bapa, pamoja na ukingo wa bodi ya mzigo gari likiwa limejaa.

Likigusa upande mmoja tu

Kushoto kukikwaruza na kulia kukanyamaza, saizi ya tairi haiwezi kuwa sababu pekee, kwa kuwa saizi ni ileile pande zote mbili. Hamisha tairi la kushoto lifungwe kulia na la kulia kushoto. Sauti ikifuata tairi, kagua tairi hilo: upepo mdogo, uvimbe ubavuni, au saizi tofauti iliyouzwa kwa makosa katika seti. Sauti ikibaki palepale, pima umbali kutoka ukingo wa rimu hadi ukingo wa nyuma wa madigadi kila upande, usukani ukiwa umenyooka. Tofauti kubwa huonyesha alaimenti iliyoharibika, bushi za mkono wa chini zilizokwisha, mkono uliopinda kwa kugonga shimo, au raba za kebini zilizokandamizwa upande mmoja. Katika gari lililowahi kupata ajali inaweza hata kuwa chasisi haijanyooka.

Mkwaruzo wa masika na sauti zisizo za tairi

Katika maeneo ya udongo mweusi wa mbuga, kama yale ya Shinyanga, gari linaweza kupita kiangazi chote bila sauti na kuanza kukwaruza mvua zinaponyesha. Udongo huo hunata, hujaza kashata, hujijenga ndani ya madigadi na ukikauka huwa mgumu. Nafasi ya milimita 5 iliyotosha wakati wa ukavu hutoweka. Atakayefanya kazi maeneo hayo achague tairi akiwa ameliwekea nafasi ya tope tangu mwanzo, na binafsi ningebaki na 265/65R17 yenye kashata nzuri kuliko kupanda saizi.

Si kila sauti ni ya tairi kugusa. Mkwaruzo wa chuma unaosikika hata usukani ukiwa umenyooka mara nyingi ni kokoto iliyonasa kati ya diski ya breki na bati la nyuma yake. Mngurumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika uzito unapohamishia gari kulia au kushoto, huelekeza kwenye beringi. Mvumo wa kawaida juu ya lami laini ni wa kashata za AT zenyewe, nao hauna tiba.

Saizi ya kuchagua

Kwa Hilux hii ikiwa na rimu za kiwandani na springi nzima, anayetaka kutojisumbua achukue AT ya 265/65R17. Atapata ubavu mgumu na kashata bora bila kubadilisha hesabu yoyote ya gari. Anayehitaji kimo achukue 265/70R17 kwenye rimu zilezile, akiwa tayari kusogeza raba ya tope. 285/70R17 ninaiona inafaa kwa mwenye safari za kweli za porini, ambaye amekubali kugharimia marekebisho ya plastiki, raba za kikomo na alaimenti, na ambaye hatapakia gari hadi mwisho wa uwezo wake. Mwenye toleo la rimu za inchi 16 ana chaguo jema katika 235/85R16, yenye kipenyo cha milimita 806 na upana mdogo, kwa maana urefu bila upana hauchochei sana mkwaruzo. Lakini asiinunulie gari la inchi 17 kabla ya kuhakikisha rimu ndogo inapita kwenye kalipa za mbele.

Kuna gharama nyingine zinazokuja na kipenyo. Kwa 265/70R17, spidomita ikisoma vilevile kama zamani, gari linakwenda haraka kwa zaidi kidogo ya asilimia 3; kwa 285/70R17 ni asilimia 7, yaani pale iliposomeka 50 kwa usahihi sasa ni 53.5, jambo linalotosha kuleta mazungumzo na trafiki katika vijiji vyenye kikomo cha 50. Gia nazo huwa ndefu kwa kiwango hichohicho, na mlima uliopandwa kwa gia ya nne utaanza kudai ya tatu. Soma pia namba ya uwezo wa kubeba: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na usikubali tairi lenye namba iliyo chini ya ile ya kiwandani hata kama muuzaji anakuhakikishia kwamba saizi ni ileile.

Tairi la akiba lisisahauliwe. Katika 4x4 ya Hilux, ambayo hufunga mbele na nyuma pamoja inapowekwa kwenye H4 au L4, gurudumu moja lenye kipenyo tofauti hulazimisha mfumo wa gia kuvutana, kwa hiyo matairi yote matano yawe saizi moja. Jaribu kulipandisha hilo la tano mahali pake chini ya bodi kabla ya kulipia, maana kubwa linaweza kukwama kwenye bampa ya nyuma.

Mwombe muuzaji afunge kwanza matairi mawili ya mbele papo hapo dukani, gari lisitoke barabarani, ufanye jaribio la usukani kwenda mbele na kurudi, na jaribio la gurudumu moja juu ya jeki, jeki ikiwa chini ya mkono wa chini wa saspensheni, likipandishwa hadi gari linapoanza kuinuka. Tairi ambalo halijakanyaga lami linaweza kurudishwa rafuni. Baada ya kilomita 100 hivi za mwanzo kaza nati tena, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo kamili ingia chini ya gari na tochi, utazame dari ya madigadi, mkono wa juu, mipira ya breki na nyaya za vitambuzi vya ABS upande kwa upande.